Mikono Iliyovunja Mbavu

Binti wa mgonjwa alikuwa ameshamzoea muuguzi yule wa chumba cha wagonjwa mahututi, pande la mtu, anayefungua mlango kwa ncha za vidole na kuvuta shuka kana kwamba chini yake kuna mayai. Mashine ikilia, aliinong'oneza, "Haya basi, tumekusikia." Mikono yake mipana, kila ikimaliza kazi, aliitia mifukoni.

Siku mama alipotolewa mpira wa kupumulia, alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mbavu zake zilikuwa zimevunjika. Binti akaja juu.

"Nani kamfanya hivi mama yangu?"

Muuguzi akaitoa mikono mifukoni. "Ni mimi, dada. Moyo ulisimama, nikamkandamiza kifua mpaka ukarudi. Nilizisikia mbavu zikivunjika, na sikuacha." Akainama kitandani. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba." Mama akaushika mkono wake, akauweka palepale palipouma. "Bonyeza kidogo, mwanangu, zisiniume sana nikikohoa."

Mama akasubiri. Binti naye akasubiri. Mkono ule mpana ulibaki juu ya gauni, mwepesi kama juu ya mayai, wala haukubonyeza.