Nambozo na Mashine Iliyoachwa na Wenyewe

Margret Nambozo alizaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua, na hakuna aliyefaulu kumtibu. Alipokuwa msichana mdogo kule Wanale, chini ya mlima, aliifungua redio ya baba yake aone anayesema amekaa wapi. Alichapwa, na kesho yake akauliza mbona hakumwona. Ukubwani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya magereza mjini Jinja, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa askari waliokitumia kuamrisha, kutongoza na kuombana chumvi. Wamasaba wenzake walipomcheka kwamba anasema lugha ya jeshi, aliwajibu kuwa lugha haina risasi.

Alipostaafu alirudi Mbale akafungua duka la kuchapa. Alikuwa na kompyuta moja, ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na printa iliyopiga kelele mpaka duka la jirani. Alichapa kadi za harusi, matangazo ya misiba, na kila mwaka wa imbalu, yaani tohara ya vijana wa Kimasaba, alichapa kadi za kuwaalika watu. Kadi ya imbalu huorodhesha wakubwa wa familia, na hapo ndipo balaa lilipo. Nani aanze? Nambozo aliona ndugu wakishikana mashati dukani kwake kwa ajili ya mstari wa kwanza. Kila ugomvi ulipokwisha, aliuhifadhi mpangilio ule katika disketi ya familia hiyo, ili watakaporudi kwa kadi nyingine wasianze vita upya. Kabati lake lilijaa amani za watu.

Sasa, mwaka 1998, fundi wake Herbert alikuja kutoka Jinja na sura ya mtu aliyetumwa kutangaza tanzia. Herbert alikuwa mwanajeshi wa mitambo ya mawasiliano kabla ya kufungua karakana yake karibu na Kimaka, huko huko Jinja.

"Mama, hii mashine yako, wenyewe wameiacha."

"Wameiachaje? Wamekufa?"

"Hawakufa. Ile programu inaamka kwanza ukiwasha, ile inaamuru zingine, wamesema mwaka ukiisha hawaishughulikii tena. Ikiharibika, mimi sina pa kuuliza. Iko mpya. Hamia hiyo."

Burhan, muuza vitambaa wa duka la jirani, alikuwa ameegemea mlangoni akisikiliza yasiyomhusu, kama kawaida yake. "Dada Margret, usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Mimi cherehani yangu ni ya marehemu baba, na walioiunda sijui kama wapo hai."

Nambozo aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza: "Na disketi zangu? Hiyo mpya itawajua watu wangu?"

Hofu yake ilikuwa hiyo tu. Kubaki kulimaanisha kwamba siku mashine ikizimika moja kwa moja, amani zote za kabatini zimekwenda nayo. Kuhama kulimaanisha kuzikabidhi kwa mgeni. Lakini pia, tusimfiche, alikuwa anawashwa kuona hicho kipya kinafananaje.

Basi akaenda Kimaka na disketi moja, aliyoichagua kwa makusudi kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote: ya familia ya Sajini mstaafu Mafabi. Mafabi alikaa kambini miaka mingi, na wanawe walilelewa na mdogo wake, Semei. Mwana wa kwanza alipofika umri wa imbalu, mwaka 1992, ndugu hao walibishana mpaka mama yao, bibi Nabalayo, akaja dukani na mkongojo wake. "Mmoja alizaa, mmoja alilea," alisema. "Juu mweke aliyelea." Semei akaandikwa wa kwanza. Sajini alimeza, ila tangu siku hiyo akimwona Nambozo barabarani alikuwa anatazama mlima. Bibi naye ameshafariki. Nambozo alijiambia kwamba mpangilio ule ukivuka salama, mwingine wowote utavuka.

Karakanani alipewa kidude cha kusukuma kwa kiganja, na kimshale kikakimbia kwenye skrini yenye rangi. Alicheka peke yake. Alifungua kila kilichofunguka na kukifunga tena. Aliuliza kwa nini vitu vimechorwa picha, na ukikosea mashine inakasirika au inanyamaza. Herbert alijibu mpaka akachoka, akaenda na disketi ile kwenye kompyuta ya pili. Baadaye akamletea kadi iliyochapwa, herufi nzuri, pembeni maua. Nambozo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuachia karatasi bila kuisoma mara mbili, siku hiyo aliitia mkobani kwa furaha akarudi Mbale.

Sajini Mafabi alikuja mwenyewe wiki hiyo hiyo. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaingia imbalu mwezi wa nane. Nambozo akampa ile kadi ya Jinja kama mfano. Sajini aliisogeza mbali na macho, akaisoma. Nambozo akachungulia. Mstari wa kwanza uliandikwa Sajini Mafabi. Semei alikuwa chini yake.

"Nani amepanga hivi?" Sajini aliuliza polepole.

"Mashine, afande. Mashine mpya ya Jinja."

"Hiyo mashine ilijua mama yangu?"

"Hapana, afande."

"Basi irudishe vile mama alisema." Akaiweka kadi mezani na kutoka, mgongo umenyooka.

Nambozo aliona aibu ya kweli. Karibu aamue siku ile kubaki na skrini yake nyeusi mpaka imfie mikononi. Lakini ule ugonjwa wake haukumpa nafasi: kwa nini mashine ingemtanguliza Mafabi? Alikwenda posta akampigia Herbert.

"Mashine haikufanya kitu, Mama," Herbert alisema. "Ni mimi. Niliona raia yuko juu ya sajini, nikajua ni makosa ya kuhamisha. Nikapanga kwa cheo."

Nambozo alicheka mpaka karani wa posta akamtazama. Alirudi Kimaka, akamwomba Herbert, kwa heshima zote, akanywe chai, kisha akaiingiza disketi mwenyewe. Majina yalitokea kama alivyoyaacha, Semei juu. Akajaribu nyingine, na nyingine. Kila mtu alikuwa amekaa mahali pake. Alipotoka hapo alikuwa ameshaamua.

Mashine mpya ilipowashwa Mbale, Burhan alikuja kuangalia rangi na kudai kwamba yeye ndiye aliyemshauri kuhama. Sajini naye alikuja kuchukua kadi zake. Aliomba aoneshwe kwenye skrini kwanza. Alifuatisha kwa kidole: Semei, kisha yeye. Akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa," akasema. Alizibeba kadi mpaka mlangoni, kisha akarudi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa ugomvi akamtazama Nambozo usoni.

"Ile ya Jinja, ile ya makosa. Ulitupa?"

"Ipo, afande." Akaitoa kwenye droo.

Sajini aliisoma tena mstari wa kwanza, midomo ikicheza. Akaikunja kwa uangalifu na kuitia mfuko wa shati.

"Hii usimwambie Semei," akasema.