Huu Mvinyo Sio wa Australia

Jamani, leo nimemwita shemeji tapeli, mezani kwangu!

Juzi alituletea chupa ya mvinyo wa Australia. Leo naifungua, kizibo kinazunguka kilaini mno, kama kilishafunguliwa.

Nikamwambia, "Shemeji, anza wewe, utoe uchawi."

Akanywa. Akasifu.

Nikaonja. Utamu mzito, halafu ule ukali wa mwisho. Hizi si zabibu za hapa hapa Dodoma?

"Shemeji, umejaza chupa!"

Akaapa mpaka jasho likamtoka.

Mke wangu, akituongezea mbuzi, akasema taratibu: "Mwache kaka yangu. Ule wa Australia nililowekea nyama jana. Nikajazia wa kwetu."

Na mbuzi nilishamsifu!

Sasa wataalamu, ladha ya Australia niulize nani, marehemu mbuzi?