Na Tume ya Ukweli hadi Riverdale Park

Nilikwenda Marekani kwa sababu jaji mmoja mstaafu alihitaji mtu wa kumwambia raia wake mwenyewe wanasema nini. Nchi yake sitaitaja; wenyewe watajijua. Walipigana wao kwa wao miaka mingi, wakachoka, wakaunda Tume ya Ukweli, na Jaji akawa mwenyekiti. Tume ilizunguka wilaya kadhaa ikiandika yaliyowapata watu, kisha mtu akakumbuka kwamba waathiriwa wengine wanaishi karibu na Washington. Sijawahi kuona tume ikikumbuka kitu kwa furaha namna ile. Kulikuwa na waathiriwa wengine kambini, kwenye matope, hapo hapo mpakani, lakini hao walionekana wanaweza kusubiri.

Mashahidi wengi walitoka mashariki ya nchi, wanakosema Kiswahili. Vigogo wa Tume walitoka mji mkuu, wasikokisema. Mimi ni mkalimani wa mahakama Nakuru, nimezoea kutafsiri maelezo ya wezi wa ng'ombe. Nikapigiwa simu.

Uwanja wa ndege wa Nairobi, nilikutana na ujumbe wenyewe: Jaji, mkewe, ambaye kazi yake katika Tume sikuwahi kuelezwa, wakili kijana Faustin mwenye kompyuta ndogo na viatu vinavyong'aa, mpiga picha wa video, na mshauri nasaha aliyebeba sanduku zima la tishu, kana kwamba Wamarekani hufuta machozi kwa majani. Wao walikwenda mbele, kwenye viti vipana. Mimi nilikaa nyuma karibu na choo.

Arlington, jirani na Washington, siku iliyofuata, tulifanyiwa semina hotelini. Wakili Faustin alitufundisha namna ya kuchukua ushahidi. Usimkatize shahidi. Usimwahidi kitu. Mwisho umsomee maelezo yake, ayakubali, atie sahihi, na mkalimani atie yake. Kila tukio lazima liingie kwenye kisanduku chake ndani ya kompyuta.

"Mtu aliyechukuliwa na wenye silaha, faili lake linakwenda kwa wachunguzi," alisema. "Hao sheria inawalazimisha kutafuta kaburi na aliyetoa amri."

"Na aliyepotea?" niliuliza.

"Aliyepotea, familia yake inapewa Pole ya Taifa, ndani ya ripoti. Kwa herufi kubwa."

"Na faili?"

"Linahifadhiwa," alisema, akaomba chai iletwe.

Shaw, mtaa wa Washington, Ijumaa jioni, tulialikwa kwenye tafrija. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Marcus, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda kuliko wengi wetu tuliozaliwa nacho.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alimwambia Jaji.

"Ehe, asante," alijibu Jaji.

Bwana Marcus alivumilia, akahamia Kiingereza. "Samahani, mkishaandika shuhuda hizi, mnafanya nini?"

"Tunaandika ripoti."

"Na mkishaandika ripoti?"

"Tunaizindua," alisema Jaji, akageukia sahani ya sambusa.

Jumamosi asubuhi, Riverdale Park, nje kidogo ya Washington, tulipokelewa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Wakenya, kando ya barabara kuu. Dada Wanjiru, nesi kutoka Nyeri, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado amevaa sare.

"Pasta ametupea basement mpaka jioni," alisema. "Chai iko. Mandazi iko. Mnaanza na maombi ama mnaanza tu?"

"Tunaanza na utambulisho wa meza kuu," alisema Wakili Faustin nilipomtafsiria.

Utambulisho ulichukua muda mrefu kuliko maombi yoyote niliyowahi kuhudhuria. Kisha mashahidi wakaja mmoja mmoja. Walieleza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri kwa Kiingereza, Wakili akachapa. Mwisho alinipa muhtasari wa maneno, nikawasomea, wakakubali, wakaweka sahihi. Kisanduku alichochagua kilibaki kwenye kioo chake, kilichomtazama yeye peke yake. Mpiga picha alisogea kila mtu alipokaribia kulia, na kurudi nyuma kwa huzuni alipojizuia.

Mchana aliingia Mama Sifa pamoja na binti yake Neema, msichana wa chuo anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Mama Sifa hutunza wazee majumbani. Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akaanza bila kuulizwa.

"Tulikuwa tunachambua maharage. Askari wakaingia. Kamanda alijua bwana yangu, alimwita kwa jina: Bahati, simama. Bwana yangu akaniambia, Sifa, leta shati yangu. Nikaleta. Niliikunja vizuri kwanza, sijui sababu gani. Balimubeba mbele yangu, na motokari ya jeshi, kwenda upande wa kiwanda ya matofali."

Akataja jina la kamanda. Vidole vya Wakili vilisimama juu ya kompyuta.

Nilikuwa nimetafsiri kila neno, pamoja na lile *balimubeba*, ambalo kwao lina maana moja tu: walimchukua wakaondoka naye. Neema, aliyesimama nyuma ya Wakili, alichungulia kioo.

"Mom, they put 'went missing.'"

Mama Sifa alinitazama.

"Wameandika alipotea," nilisema.

"Alipotea?" Hakupandisha sauti. "Mbuzi ndiyo inapotea. Bwana yangu balimubeba."

"Kubeba si neno la kisheria, Mama," alisema Wakili Faustin kupitia kwangu. "Halafu huyo unayemtaja sasa ni mtu mkubwa serikalini. Tuko kwenye maridhiano."

"Na miye nimeridhiana na nani?"

Jaji alikuja na andazi lake kutafuta suluhu. Alifikiri kidogo, akapendekeza: "Alipotea mikononi mwa watu wanaojulikana."

Nilitafsiri hilo pia. Nina hakika ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kutafsiri bila kucheka.

"Munawajua," alisema Mama Sifa, "na bado munasema alipotea?"

Wakili alinisukumia kalamu. Nilimwambia sitatia sahihi, kwa kuwa hilo silo nililolisikia. Jaji alinikumbusha kwamba mkalimani hana maoni. Nilikubali kwamba sina. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa mfukoni mwa Wakili.

Hapo ndipo Dada Wanjiru alipoweka birika chini. Alitoka nje hadi kwenye maegesho, ambako mashahidi wa asubuhi walikuwa bado wanapiga gumzo, akarudi nao wote. Mwanamume mmoja mrefu, aliyepoteza ndugu wawili, alifika mezani kwanza.

"Yangu mliandika nini?"

Neema hakungoja ruhusa. Aligeuza kompyuta, akawasomea mmoja baada ya mwingine. Kapotea. Kapotea. Wawili, wamepotea. Kufuatana na kompyuta ile, vita vizima vilikuwa ni watu wasiojua njia ya kurudi nyumbani.

Hakuna aliyepiga kelele. Walivuta viti, wakaketi. Mpiga picha, aliyekuwa amesubiri machozi tangu asubuhi, aliona afadhali apate hiki, akaielekeza kamera kwa Jaji. Taa nyekundu ikawaka.

Mbele ya taa ile Jaji alikumbuka sheria. Alisema, kwa sauti iliyojaa uchungu wa haki, kwamba shahidi yeyote anaweza kurekebisha maelezo yake, na kwamba yeye binafsi amekuwa akisisitiza hilo. Wakili Faustin akaanza kufuta. Tulirudia kila mmoja, kisanduku kwa kisanduku, hadi jioni, na chakula cha heshima ulichoandaliwa ujumbe mjini kikaliwa na wengine.

Mama Sifa alikuwa wa mwisho. Nilimsomea kwamba wanajeshi walimchukua mumewe Bahati mbele yake, na jina la aliyewaamuru.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Mshauri nasaha alikimbia na tishu zake. Mama Sifa alichukua moja, akafutia miwani, akatia sahihi.

Jumatatu tuliruka kurudi. Jaji hakunisemesha tangu Washington hadi Nairobi, na Wakili Faustin aliniomba nirudishe kitambulisho cha Tume kabla hata mabegi hayajatoka. Nilirudi Nakuru kwa wezi wangu wa ng'ombe, ambao angalau wakisema uongo hawamwiti mshauri nasaha.

Nilichojifunza hakikuwa kwenye semina. Kusikiliza watu ni rahisi. Hata Jaji aliweza, huku anatafuna. Kazi iko kwenye kitenzi, na kwa yule anayekichagua wakati shahidi anatafuta mkoba wake aende. Siku hizi siketi kutafsiri mahali ambapo siwezi kuona kioo.

Majuzi Mama Sifa alinitumia ujumbe wa sauti. Wachunguzi walifika kiwandani, wakachimba, wakakuta mifupa ya watu zaidi ya mmoja. Neema ameitwa kutoa mate yalinganishwe na mifupa hiyo. Majibu bado. Anasema zamani, mtu akimuuliza kanisani habari za mumewe, alikuwa anajibu hajui. Sasa anajibu.

"Nawaambia balimubeba," alisema. "Na niko namungojea."