Kadeti wa Papa Ajida

Enzi zetu, Jumamosi haikuwa siku ya kulala. Kabla jogoo hawajachoka kuwika, mimi nilikuwa nimeshashusha bidoni, yaani dumu la maziwa, mpaka barabarani, nimemkabidhi mwenye kulipeleka sokoni, nimerudi mbio, nimenawa miguu na kufunga shingoni kitambaa changu cha kitenge cha buluu. Kitambaa hicho ndicho kilikuwa sare yetu. Vingine vyote vilikuwa vya shule: shati jeupe, sketi ya buluu, na kambambili zilizoshonwa kwa waya. Tulikuwa kadeti wa parokia, na siku hiyo hakuna mtu angetuambia kitu.

Wenzangu mliokulia milima ya Masisi mnaijua baridi ya asubuhi ile. Umande wa uwanja wa kanisa uliuma vidole kama siafu. Ngoma yetu ilikuwa bidoni la njano lililotoboka, na aliyelipiga alijiona mtu mkubwa kuliko padri. Sisi watoto wa wafugaji tulinukia maziwa na moshi. Watoto wa wakulima walinukia mihogo iliyolowekwa. Ikishapigwa amri ya kukakamaa, "Gardavu!", mara ishirini, wote tulinuka jasho moja.

Mwenye kuipiga amri hiyo alikuwa Papa Ajida. Zamani alikuwa mwanajeshi, akatoka jeshini na cheo chake cha ajida na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri. Hakuna aliyemtuma kutufundisha na hakuna aliyemlipa. Alisema tu kwamba amechoka kuona watoto wanaojua kukimbia lakini hawajui kusimama. Akatufundisha kusimama. Akatufundisha pia kufunga kidonda, kubeba mgonjwa kwa kitenge na miti miwili, na kufyeka njia ya kisima bila kunung'unika. Hilo la mwisho hatukulishika vizuri.

Bunduki hatukuigusa, hata ya mti. Mnajua kwetu kulivyokuwa, na wenye silaha wakivamia vijiji. Watu wakiona mstari unakuja na vitu begani, hawasubiri kuuliza ni nani. Ndiyo maana Papa Ajida alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumamosi, kwa sababu wavulana wa wafugaji hawaachani na fimbo zao hata wakienda kuungama. Fimbo unaweza kuja nayo, lakini ncha iangalie chini.

"Fimbo iko ya ng'ombe na ya utelezi," alisema. "Haiko ya bega. Mwenye ataweka fimbo ku bega, arudi kwabo."

Mke wake, Mama Ajida, aliishi karibu na uwanja na hakuwa na siri na mtu. Alisimama mlangoni akapiga kelele: "Unafundisha batoto ya bantu kutembea mustari, na mbuzi yako inatembea yenyewe mu shamba ya bantu!" Tulicheka mpaka mstari ukapinda. Lakini ikifika saa nne, mama huyo huyo alileta sufuria ya viazi na maharage, tukala kwa mikono, watu watatu kwenye jani moja la mgomba. Sijala chakula kitamu kama kile, na nimeshakula kwenye harusi nyingi.

Tulikuwa watoto sitini na walezi wawili. Wa pili alikuwa Mwalimu Serafini, aliyetufundisha nyimbo na kutupanga kwa urefu. Kwa kuwa walezi hawakutosha, Papa Ajida alichagua watoto wa kusimamia mistari. Mimi nilipewa mstari wa mbele. Msidhani ilikuwa akili. Ilikuwa sauti. Nilikuwa nimezoea kuita ndama kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na nikisema "Repo!", yaani legezeni miguu, hata mbwa walikaa.

Mwaka ule tulialikwa Kibua kwenye gwaride la sikukuu ya uhuru. Kushuka kutoka kwetu mpaka Kibua ni safari, tena njia ya utelezi, kwa hiyo wavulana waliruhusiwa fimbo zao. Mwalimu Serafini alitangulia kututafutia mahali pa kusimama. Papa Ajida alibaki nyuma na wadogo, kwa ajili ya mguu wake. Mbele nilikuwa mimi, nimenyoosha shingo kama bata mzinga.

Tukakaribia kijiji kimoja kidogo kabla ya Kibua. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani. Nilitaka tuingie vizuri, watu watoke nje waseme, angalia kadeti wa mlimani! Nikawatazama wavulana, fimbo zao zikichechemea kwenye matope kila moja upande wake, nikaona aibu. Nikavuta pumzi, nikapiga amri ambayo hakuna aliyenifundisha: "Fimbo, begani!"

Zilipanda zote kwa pamoja. Na kweli, tulipendeza.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo aligeuka. Alichokiona ni mstari unatoka kwenye ukungu, mguu kwa mguu, na vitu virefu begani. Hakupiga yowe. Aliangusha ungo, akambeba mtoto na kukimbia. Aliyemwona akakimbia, na aliyemwona yule akakimbia. Kabla sijajua nimefanya nini, kijiji kizima kilikuwa msituni. Tulisimama katikati ya nyumba zilizo wazi, sombe, kisamvu chetu, ikichemka mpaka inamwagikia moto, na kuku peke yao wakitutazama.

Papa Ajida alifika akivuta mguu. Hakugomba. "Batoto, muweke fimbo chini. Mukae ku udongo. Muimbe wimbo ya kanisa, bajue muko batoto." Tukakaa kwenye matope na mashati yetu meupe, tukaimba huku wengine wanalia. Mvua ikatukuta hapo, ikaloweka sisi na mihogo yao yote iliyokuwa imeanikwa. Watu walirudi mmoja mmoja. Bibi mmoja alirudishwa mgongoni kwa mwanawe. Alikuwa ameanguka akikimbia, na mkono wake umevunjika.

Kapita wa kijiji, yaani mkuu wao, alisimama mbele yetu kwa hasira. "Nani alitoa hii amri?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona matone ya mvua kwenye ndevu zake. Nilifungua mdomo. Sauti ile ya kuita ndama haikutoka.

"Miye," alisema Papa Ajida. "Miye njo mukubwa yabo. Kosa iko yangu."

Gwaride la Kibua hatukuliona. Baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Papa Ajida aliitwa mbele ya wazee wa kijiji kile, akatozwa mbuzi wa kuomba msamaha kama desturi inavyotaka, na mbuzi alikuwa ni yule yule mtembezi aliyelalamikiwa na Mama Ajida. Wazazi waliwaondoa watoto wao. Walisema mzee amerudiwa na mambo ya jeshini, na atawafikisha watoto pabaya. Mwalimu Serafini naye alikuja kuaga. "Nilikuya kufundisha nyimbo, Papa. Sikukuya kutafuta kufungwa," alisema, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu aliyestahili lawama alikuwa amesimama hapo hapo na kitambaa shingoni. Kutoka sitini tukabaki kumi na mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na deni moyoni, si kwa ushujaa.

Jumamosi iliyofuata Papa Ajida alikuja uwanjani saa ile ile, akapiga "Gardavu!" kwa nguvu ile ile, kana kwamba bado tuko sitini. Nilimwona akimaliza kutupanga, akageuka kando na kujipangusa uso kwa kofia. Alikuwa anaumia. Mama Ajida alinyamaza mlangoni, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko kelele zake. Lakini sufuria ililetwa.

Kisha akatuambia tuchukue majembe. Tulishuka mpaka kile kijiji, fimbo nyumbani, tukafanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kwenye mashamba ya waliopoteza mihogo. Jumamosi ya kwanza walitutazama kwa mbali. Ya pili, mama aliyeangusha ungo alituletea maji ya kunywa. Bibi mwenye mkono uliofungwa alikaa kwenye kigoda akitusimamia, akatuita wavivu, na tulifurahi kusikia hivyo. Sikumbuki ilikuwa Jumamosi ya ngapi watoto wao walipoanza kusimama nyuma ya mstari wetu, wakiiga miguu. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, tulikuwa wengi kuliko mwanzo, kutoka vijiji viwili, na mlezi mmoja tu. Papa Ajida alitembea njia ile kwa mguu ule, kupanda na kushuka, mpaka nilipomaliza shule na kuondoka.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Nilimpelekea fromaji, jibini ya kwetu, na sukari. Nywele zimekuwa nyeupe, mguu haukunjiki kabisa. Nikasubiri Mama Ajida atoke nje, nikamwambia: "Papa, ile siku ya ukungu, amri ilikuwa yangu."

Alikata kipande cha fromaji, akatafuna taratibu. "Nilijua. Sauti yako, nani hawezi kuijua? Nilikuwa nyuma, lakini nilisikia."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Dada, mutoto akiitwa mutu wa kufukuzisha kijiji, ile jina inabaki naye mpaka kaburi. Hapa kwetu unajua. Bangekukatalia hata kuolewa. Miye nilikuwa tayari muzee na mutu ya jeshi. Benye kunisema vibaya, habangeniongezea kitu."

Nililia pale mbele yake kama kitoto. Alinipa kipande cha fromaji ninyamaze.

Sasa yeye amelala kwenye udongo wa mlima wetu, na mimi ndiye mlezi wa kadeti. Msinicheke. Watoto tunao wengi mno, mstari unafika mpaka kwenye choo cha parokia. Walezi wa kujitolea tuko kumi na wawili kwenye kikundi cha simu, na uwanjani tunafika watatu. Vijana wa siku hizi ukiwaita, swali la kwanza ni franga za pikipiki, la pili ni kama kutakuwa na picha. Wana viatu vizuri, hilo niseme. Wakipiga mguu mara tano wanapumzika, wanajipiga picha, wanazipeleka mpaka Goma kabla ya mguu wa sita. Siwagombezi sana. Njaa ni njaa, na anayekuja bila chochote Jumamosi asubuhi ameacha kitu nyumbani.

Mwezi uliopita watoto wangu walikata njia wakapita katikati ya shamba la maharage la mama mmoja. Akaja uwanjani na mashina yaliyovunjika mkononi, akauliza ni nani aliyewaongoza. Nilimjua ni nani. Alikuwa msichana mwembamba wa mstari wa mbele, na niliona mdomo wake unafunguka bila kutoa sauti. Walezi wenzangu walikuwa wanatazama simu zao. Nikasema: "Miye, mama. Kosa iko yangu."

Kwa maharage tu, nilipita njia ya nyuma mpaka nyumbani nisikutane na mtu. Papa Ajida alisema hivyo kwenye mvua, mbele ya kijiji kizima na bibi mwenye mkono uliovunjika. Aksanti, Papa. Siku hizi wa kupiga amri hatuwakosi, hata kwa simu wanapiga. Wa kusema "Miye" mbele ya watu, enzi zetu alikuwa mmoja, na alitutosha watoto sitini.