Mbwa wa Baba na Bakuli la Mawese

Jirani yangu bado ananisalimia kila asubuhi, nami bado ninaitikia, kwa sababu uwanja wetu ni mmoja, bomba letu ni moja, na kamba ya kuanikia nguo ni moja. Ningekuwa na uwezo wa kuhama ningekwisha kuhama. Anauza mandazi mlangoni pake. Ni mandazi mazuri, sitaki kumsingizia. Watoto wa shule na waendesha pikipiki wanalizunguka karai lake kabla jua halijatokeza nyuma ya milima ya Burundi. Mimi sijayatia mdomoni tangu mbwa wa baba alipokufa, na sitayatia.

Yule mbwa kwanza alikuwa wa mama. Aliletewa kutoka Makobola ndani ya kikapu cha ndagala, angali mdogo hata macho hayajakaa sawa, na kwa muda mrefu alinuka samaki kuliko samaki wenyewe. Mama alipofariki, mbwa akabaki na baba katika nyumba yetu ya chini, karibu na ziwa. Halafu ziwa likapanda. Mtu wa Uvira sihitaji kumweleza ziwa lilifanya nini. Baba alikataa kutoka mpaka maji yakagusa godoro, na siku tulipomtoa kwa mtumbwi, mbwa aliogelea nyuma yetu, pua juu, mpaka tukafika pakavu. "Mbwa hafi maji akiona ufuko," baba akasema, na siku ile hakusema neno lingine.

Vitenge vya mama vilikwenda na maji. Kinu chake, kabati lake, picha ya harusi, hata mti wake wa mpera, vyote vilikwenda. Mbwa ndiye aliyebaki.

Baba akaja kuishi kwangu, katika vyumba viwili ninavyopanga upande wa mlimani, ambako ninashona nguo. Nilimpa chumba cha nyuma, nikahamishia cherehani mlangoni. Kila asubuhi nilimpelekea chai na kidonge chake cha tansio, cha kushusha shinikizo la damu, naye aliniambia asante. Ndiyo, hapana, asante: hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Lakini kwa mbwa alikuwa na maneno tele. Nilikuwa nikishona huku nikimsikia nyuma ya pazia akimsimulia habari za nyavu, za bei ya samaki siku hizi, za mama na ukali wake, mambo ambayo mimi binti yake sikuwahi kuyasikia. Hata jina hakumpa. Alimwita "weye" tu, na mbwa alikuja. Nilimwonea mbwa wivu, nasema wazi, lakini nilijua kwamba siku mbwa huyo atakapoondoka, baba atanyamaza kabisa. Kwa hiyo nilimpikia.

Ugonjwa ulianzia masikioni. Alijikuna ukingo wa sikio mpaka ukatoka damu, kisha kuzunguka macho, kisha viwiko, kisha shina la mkia. Manyoya yalitoka kwa mafungu, nikawa nayafagia pamoja na vipande vya nyuzi chini ya cherehani. Ngozi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, nene, yenye magamba, na ilinuka kama maziwa yaliyoharibika. Alijisugua ukutani mpaka chokaa ikashika rangi. Baba alikaa naye akimshika mguu asijikune, mbwa akimtazama kana kwamba baba ndiye anayemnyima nafuu.

Jirani yangu hakukawia. Alikuwa msemaji wa mwenye nyumba bila kuteuliwa na mtu.

"Mama, ile mbwa yenu iko na ugonjwa mubaya," aliniambia tukiwa bombani. "Batu banaona vile inajikuna pembeni ya mandazi, banaenda kununua fasi ingine. Mwenye parsele amesema, ao inapona, ao inatoka."

Nilimuuliza huyo mwenye nyumba amesema lini. Akasema si lazima aseme kila kitu kwa kila muntu. Siku zilizofuata alinipa mashauri, maana kwa mashauri hakuwa mchoyo: nimpake mafuta machafu ya injini, yale wanayomwaga mafundi wa pikipiki, nimpake majivu, nimwogeshe kwa sabuni ya unga, nimpeleke mbali kule bondeni, Runingu au Mutarule, nimwache huko ajitafutie. Hilo la mwisho baba alilisikia. Alitoka chumbani akiwa na singlendi yake na kusimama kati yetu.

"Kama mbwa inatoka," akasema, "minye pia natoka."

Jirani alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua baba. Alikuwa amekwisha kukataa kutoka kwenye nyumba iliyojaa maji.

Nikampeleka mbwa kwa dokta wa mifugo, nimemfunga kamba, watu njiani wakinipisha upana wa barabara. Kwenye benchi walikuwapo wafugaji walioshuka kutoka milima ya juu kutafuta dawa za ng'ombe, kofia magotini na fimbo mikononi, na mama mmoja mwenye mbuzi aliyevimba tumbo. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini walitazama, na mama wa mbuzi alishindwa kujizuia. "Mbwa pia inapelekwa kwa dokta?" akauliza. Nikamwambia kwamba kwetu inapelekwa.

Dokta alikwangua ngozi kwa kisu kidogo, akaitazama kwenye mwanga. Akasema ni upele, wadudu wanachimba ndani ya ngozi, na kwamba dawa ya mbwa hana, lakini anayo ya kupe wa ng'ombe, na ikichanganywa vizuri inafaa. Akanimiminia kidogo katika chupa ndogo ya maji.

"Kifuniko kimoja, ndoo muzima ya maji," akasema. "Maji tu. Na umufunge mudomo mpaka akauke, asijirambe. Akijiramba, usikuje kunililia."

Nilimweleza baba yote, neno kwa neno, naye akayarudia kama mtoto wa katekisimu. Mara ya kwanza tulimwosha pamoja. Nilipima kifuniko, baba akakoroga ndoo kwa kijiti, nikamfunga mbwa mdomo kwa ukanda wa kitenge uliobaki kwenye gauni la mteja. Alilia puani muda wote. Baba alimshika mpaka akakauka, akimwambia kwamba hata yeye alikuwa hapendi kuoga utotoni.

Dawa ilifanya kazi. Kabla ya wiki kwisha mbwa alikuwa analala bila kuruka-ruka, na masikioni yakaanza kuota manyoya mepesi, ambayo usipogusa huyaoni. Baba aliyagusa kutwa nzima. Na jioni moja alikuja kula nami mezani badala ya kula peke yake chumbani. Akanikumbusha jinsi sisi watoto tulivyoshikwa na upele sote pamoja, mama akachanganya kibiriti cha unga na mawese, akatupaka tangu shingoni mpaka vidoleni na kutusimamisha juani tumekuwa rangi ya machungwa. Mpita njia akamuuliza mama kama anakausha watoto au pilipili. Baba alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, na moyoni nikamshukuru yule mbwa mwenye upele aliyenirudishia baba yangu.

Dokta alikuwa ameagiza turudie. Siku ya kurudia, nilikuwa na sare za kwaya za kupeleka Kavimvira, na wenyewe walizitaka asubuhi. Nikamwambia baba anisubiri, tutamwosha nikirudi. Akasema sawa.

Niliporudi nilimkuta mbwa amelala mlangoni, anang'aa. Alikuwa rangi ya machungwa kutoka masikioni hadi mkiani, na alikuwa anajiramba mguu kwa moyo wote. Baba alikuwa amekaa kando yake, mikono yake nayo imekuwa rangi ile ile, anatabasamu. Ndoo ilikuwa imefunikwa pale pale nilipoiacha, kavu.

"Ona," baba akasema. "Leo hatukugombana. Hata mudomo sikumufunga."

Akanieleza kwa furaha. Jirani alimwona anataka kwenda kuchukua ndoo, akamwambia, "Papa, dawa ya maji inakauka na kwenda. Dawa ya ngozi inataka mawese. Hata batoto, si tunabapakaka vile?" Na kwa wema wake akamletea bakuli kutoka karai lake, mafuta yaliyopoa, yaliyokaanga mandazi wiki nzima. Baba akaangusha humo kifuniko cha dawa. Kifuniko kile kile kilichokuwa cha ndoo nzima kikaingia kwenye bakuli. Halafu akampaka mbwa, taratibu, kila mahali, kama mama alivyotupaka sisi.

Hapa kwetu nani hajui hivyo? Mtoto mchanga ni mawese. Ngozi kavu ni mawese, aliyeungua ni mawese, aliyekunywa kitu kibaya ni mawese pia. Ungemuuliza mtu yeyote katika mtaa ule angekuambia vile vile. Na mbwa aliyelelewa kando ya karai la mandazi, anayeokota kila kinachoanguka, umpake mafuta yenye ladha ya mandazi halafu umwachie mdomo wazi.

Nilichukua sabuni na kuanza kumwosha. Mawese hayatoki kwa maji baridi, aliyewahi kufua kitenge anajua. Mate yalianza kumtoka, marefu, kisha miguu ya nyuma ikatetemeka. Nilimpigia dokta simu, akasema nimsugue kwa sabuni na nimlete upesi. Nilisimamisha pikipiki, dereva akatazama alichopaswa kubeba, akaondoka. Wa pili akaondoka. Niliporudi uani baba alikuwa amempakata, na mbwa alikuwa ameacha kutetemeka. Jua lilikuwa halijashuka nyuma ya mlima.

Watu wa uwanja walikusanyika, na jirani yangu alilia. Alilia machozi ya kweli, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba hata chuki siwezi kumchukia vizuri. Alimletea baba mawese kwa moyo mweupe. Lakini machozi yalipokauka, mdomo wake haukutulia.

"Ni ile dawa ya ng'ombe," akasema, wote wakisikia. "Minye nilishangaa tangu mwanzo. Dawa ya kintu kikubwa vile, unapaka ka mbwa kadogo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Baba aliinua macho.

"Ni kweli?" akaniuliza. "Ilikuwa ya ng'ombe?"

Nilikwisha kumwambia. Nilimwambia siku ile ile niliyoileta, naye akarudia. Alikuwa amesahau, au alikuwa anataka kusahau, sijui. Nilimtazama mikono. Ilikuwa bado ya machungwa, mpaka kwenye kucha, imelala juu ya mgongo wa mbwa. Sentensi moja tu ilitosha. Ningesema ni mawese na kipimo, jirani angerudi kwake kichwa chini, na baba yangu angebaki na mikono ile maisha yake yote.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ilikuwa ya ng'ombe. Ilikuwa na nguvu sana. Minye ndiye niliileta."

Tulimzika mbwa nyuma ya choo, kwa sababu hapakuwa na pahali pengine, na baba ndiye aliyesawazisha udongo kwa miguu yake.

Nilifikiri atanyamaza kabisa, kama nilivyokuwa nikiogopa. Hakunyamaza. Siku hizi anatoa kigoda chake mapema na kukaa kando ya karai la mandazi, anazungumza. Anamsimulia jirani habari za nyavu, na za mama, na ya watoto waliokaushwa kama pilipili. Jirani anacheka huku akigeuza mandazi. Mimi nashona mlangoni, nasikia yote. Pazia halipo tena kati yetu, lakini hata macho hanipi.

Asubuhi iliyofuata baada ya kumzika mbwa, nilimpelekea baba chai na kidonge chake cha tansio kama kawaida. Chai alipokea. Kidonge alikiweka kiganjani, akakigeuza-geuza.

"Hii ni ya muntu," akauliza, "ao ya ng'ombe?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alinirudishia kidonge mkononi, akachukua chai yake na kwenda kukaa kando ya karai la jirani.

Kwa hiyo sasa dawa ya baba inakaa kwa jirani. Ndiye anayempa kila asubuhi, pamoja na andazi moja la moto, na baba anaimeza bila kuuliza. Pakiti ikiisha nakwenda kununua nyingine, naipeleka mpaka mlangoni pake, na kumkabidhi. Ananiambia, "Usijali, mama, nitamuangalia." Nami ninamwambia asante.