Siku Msemaji Wetu Aliponyamaza Kisenyi

Jumapili, mwezi wa nne, mwaka 1974. Asubuhi mvua kubwa hapa Ntinda. Ikakatika kabla ya saa sita, likatoka jua la kuchoma, matope ya laini za polisi, nyumba zetu za askari, yakawa yanatoa mvuke.

Hayo ndiyo yaliyomo katika daftari langu la siku ile, hakuna zaidi. Miaka ile nilikuwa naandika mvua na jua, maana mengine hayakuwa ya kuandikwa. Haya ya sasa nayatoa kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Nilisoma mpaka darasa la sita. Mimi ni Muganda, Kiswahili nilikiokota hapo hapo kwenye laini kwa wenzangu wake wa askari, na mpaka leo sina hakika nakisema au nakiharibu. Lakini niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoyasikia tu nitasema nimeyasikia.

Siku ile tulikuwa tunapeleka posa Kisenyi, katikati ya mji. Mdogo wa mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amempenda binti wa Kinubi. Dini haikuwa tatizo. Shemeji alikuwa amesilimu zamani, kabla hata hajamjua msichana, na sisi Wakatoliki tulishazoea kumpikia daku wakati wa Ramadhani. Shida ilikuwa lugha. Kule kwa msichana wanasema Kinubi, na mume wangu na ndugu yake ni watu wa kaskazini, lugha yao Kisenyi hakuna anayeijua. Kwa hiyo posa ingesemwa kwa Kiswahili, na msemaji wetu angekuwa mume wangu, koplo wa polisi.

Shida nyingine ilikuwa mjomba wa msichana. Alikuwa afisa wa jeshi.

Kwa asiyeikumbuka miaka ile, nieleze. Rais wa zamani, yule aliyepinduliwa, alikuwa mtu wa kaskazini kama mume wangu. Baada ya kupinduliwa, watu wa upande huo walianza kupotea, kambini na hata katika polisi. Tulikuwa tunasema "amechukuliwa", basi, hatuulizi na nani. Kumsifu yule rais mbele ya afisa ilikuwa ni kujichimbia shimo. Hata kumtaja hatukumtaja. Nyumbani kwetu alikuwa "yule aliyehama".

Lakini kubishana juu yake tulibishana. Kuta za laini ni nyembamba, jirani akikohoa unamwambia pole, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na desturi moja: ukitaka kusema neno lenye miiba, kwanza unafungulia redio. Ukipita jioni ukasikia redio nne zinaimba kwa nguvu, ujue nyumba nne zina mazungumzo.

Wiki ile kabla ya posa mume wangu alikuwa anapiga pasi shati lake, redio inaimba.

"Yule alijua kusema," akaniambia. "Anatoa neno moja, ananyamaza. Uwanja mzima unanyamaza naye. Halafu analeta la pili."

"Alijua," nikasema. "Na siku askari wake walipoingia kwa mfalme wetu wa Waganda, hapo alisema nini?"

"Hapo alikosea."

"Alikosea tu? Baba yangu siku tatu hakutia kitu mdomoni. Mfalme wetu akafia ugenini kama mtu asiye na kwao."

"Mama, nimesema alikosea. Unataka nipige magoti? Sasa na wewe sema la hospitali."

Hapo alinishika. Mtoto wetu wa kwanza alitanguliza miguu, wakati mume wangu anafanya kazi wilaya ya mbali. Hospitali ya kule ilikuwa mpya, ilijengwa enzi za mtu huyo huyo, kuta bado zinanuka rangi. Isingekuwapo, ningezikwa kule mimi na mtoto.

"Hospitali ni kweli," nikasema.

"Ehe. Basi weka yote mawili kwenye mizani."

"Nimeweka. Ndiyo maana mkono unaniuma."

Akacheka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na sijui kama ndivyo watu waliosoma wanavyobishana.

Shemeji alikuja tufanye mazoezi. Akakaa juu ya sanduku, awe baba wa msichana. Mume wangu akasimama mbele yake, akakaza shingo, akaanza:

"Leo, siku ya Jumapili, mimi nikiwa na watu wengine wanne, tumefika katika nyumba hii iliyoko Kisenyi, ambapo tulimkuta mzee mmoja mwanamume."

"Kaka," shemeji akasema, "unaniposea au unanishtaki?"

Ndiyo hali. Kiswahili cha mume wangu kilikuwa cha gwaride na cha maandishi ya kesi, hakukuwa na kingine. Tukamwambia alegeze. Akajaribu, ikawa mbaya zaidi. Mwisho akakasirika, akaweka mikono nyuma, na alipoanza tena alikuja na sauti ya chini, neno moja, kimya, neno la pili. Shemeji akasahau kucheka. Mimi mwili ulinisisimka, maana kimya kile nilikijua. Nchi nzima ilikijua, tulikisikia kwenye redio miaka mingi.

"Hivyo usiseme Kisenyi," nikamwambia. "Ni yule aliyehama huyo."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Sikujua," akasema. Na akaniahidi kwamba atabaki na Kiswahili chake cha kesi, liwalo na liwe.

Tulikwenda kwa lori la shemeji, wanawake mbele, wanaume nyuma wamesimama ili nguo zisichafuke. Nyumba ilikuwa nyuma ya magereji, unapita kati ya injini zilizofunguliwa na vijana wanaolala chini ya magari, halafu ghafla unanusa udi. Wanaume walikaa kwenye mikeka sebuleni. Sisi wanawake tulikaa ukumbini, pazia limefunguliwa nusu. Mimi nilimwona mume wangu vizuri, na baba wa msichana, mzee mwembamba aliyewahi kuwa askari wa Waingereza. Mjomba alifika baada yetu, nguo za kiraia, miwani nyeusi, dereva wake akabaki nje na gari. Alikaa upande wa pili wa pazia. Nilikuwa naona magoti yake na viatu tu, kwa hiyo uso wake ulikuwaje wakati huo siwezi kusema.

Mume wangu akasimama. "Leo, siku ya Jumapili," akaanza.

Ukumbini wakaanza kuchekelea. Mama wa msichana, mwanamke mnene mwenye utani, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwambieni sisi hatukuiba kitu."

"Labda anamtafuta mwizi wa kuku," mwingine akasema.

Utani katika posa ni haki yao, sikuchukia. Lakini nilimwona mume wangu jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nilimwona shemeji ameinamisha kichwa. Msemaji akichekwa, posa inachekwa, na mzee anaweza kusema rudini siku nyingine mkijua mnachotaka. Mume wangu alifika kwenye "ambapo tulimkuta", akakwama. Akaweka mikono nyuma.

Nikasema moyoni, usifanye.

"Sisi," akasema.

Kimya.

"Ni watu tuliopita njia hii."

Kimya tena, kirefu, mpaka nyundo za gereji zikasikika.

"Tukaona mlango. Nyumba ina heshima. Tukasema, watu wenye mlango kama huu, wamelea mtoto wa namna gani?"

Wanawake walikuwa wamenyamaza. Mama wa msichana alikuwa ameinama mbele, mkono shavuni. Mume wangu aliendelea hivyo, na nilikuwa na mambo mawili ndani yangu kwa wakati mmoja: hofu, na fahari ambayo sijawahi kuwa nayo kanisani wala arusini kwangu. Nilitaka kumgusa mwenzangu wa karibu nimwambie, huyo ni wangu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa pazia. "Simama hapo, koplo. Huo mtindo naujua."

Baba wa msichana aliacha tasbihi yake.

"Umejifunza wapi kusema hivyo?" yule mjomba, afande, akauliza. Hakuuliza kwa ukali, niseme ukweli. Lakini miaka ile hata swali la upole lilikuwa na gari nje.

Mume wangu angeweza kusema kwamba hajui. Angeweza kusema shuleni, au kanisani. Alisimama wima.

"Kazini, afande."

"Kazi gani?"

"Kulinda mikutano. Miaka tisa. Afande anajua, polisi wa mkutano hamtazami anayesema. Anampa mgongo, anatazama watu. Yule wa zamani mimi sikumwona akisema hata siku moja. Niliwaona ninyi. Niliona mtu akinyamaziwa anafanya nini na uso wake. Nilichojifunza nilijifunza kwa raia."

Mimi nimelala na mtu huyu miaka yote hiyo, na jambo hilo sikuwahi kulifikiria. Nilidhani alikuwa anamsifu mtu. Kumbe alikuwa anasema habari za watu waliosimama juani.

Afande akaleta swali lenyewe. "Na huyu mkubwa wetu wa sasa? Mikutano yake si unailinda pia? Nani anasema vizuri zaidi?"

Nilishika pazia. Akisema wa zamani, amekwisha. Akisema wa sasa, nyumba nzima itajua ni mwoga, na nadhani afande mwenyewe angemdharau.

"Wa zamani, watu walikuwa wanangoja," mume wangu akasema. "Wa sasa, watu wanacheka sana. Ndicho ninachokiona kutoka pale niliposimama, afande. Zaidi ya hapo nimewapa mgongo wote wawili."

Miguu ya afande ikainuka. Nikaona viatu vinavuka mkeka, vinakwenda kwenye kabati. Redio ikafunguliwa, ikapanda, muziki ukajaa nyumba. Nikafikiri, basi, anafunika sauti, watamtoa kwa nyuma. Shemeji naye nadhani alifikiri hivyo, maana alipiga goti moja tayari kusimama.

Afande akarudi, akakaa. "Haya," akasema. "Sasa tunaweza kusema."

Mpaka leo nikikumbuka hapo nacheka peke yangu. Mtu mwenye gari, mwenye bunduki, mwenye dereva, naye alikuwa na desturi ya laini zetu.

"Mimi nilikuwa uwanjani siku moja, bado kijana," akasema. "Nilisimama mdomo wazi mpaka dereva wangu wa leo angeweza kuegesha gari humo. Alijua kusema, nani atakataa? Lakini tukirudi kambini tunalala chini. Maneno mazuri, godoro hakuna."

"Hospitali alijenga," baba wa msichana akasema polepole. "Dada yangu alipasuliwa huko anakoishi, akapona. Usimnyime mtu chake, ndugu yangu."

"Simnyimi. Na waliofungwa bila kesi, mzee, hao nao tuwape hospitali?"

"Hao wana haki ya kumchukia. Mimi sikufungwa, kwa hiyo nasema la dada yangu tu."

Walibishana hivyo wao wawili, upande wetu tumefunga midomo kama mitungi. Nilitaka kutaja la mfalme wetu. Hakuna mwingine aliyelitaja. Nikalimeza, haikuwa nyumba yangu. Lakini niliwasikiliza, na sikuona tofauti kubwa kati yao na sisi wawili na pasi yetu ya makaa. Sijui kama napima vizuri. Pengine ilikuwa rahisi kwao kubishana kwa sababu wao hawangechukuliwa. Hata hivyo walibishana kwa haki, na lazima niandike hivyo.

Mwisho mzee akainua mkono. "Afande ameuliza, koplo amejibu, na hakusema uongo mbele yangu. Mimi natafuta watu wa namna hiyo kwa binti yangu. Punguzeni redio, tuendelee na posa."

Mama wa msichana akapiga kigelegele, halafu akanigeukia. "Wewe ndiwe mke wa msemaji?"

"Ndiye mimi."

"Nyumbani pia ananyamaza hivyo?"

"Nyumbani nanyamaza mimi," nikasema, na wanawake wakacheka kwa uongo huo.

Posa ikapokelewa, na afande aliondoka kabla yetu. Alimpa mume wangu mkono, akamwambia, "Koplo, Kisenyi leo ulikuwa na bahati ya wasikilizaji. Mahali pengine soma kesi." Sijui alimtisha au alimhurumia. Nimelifikiria miaka mingi na sijaamua.

Katika lori mume wangu aliomba kukaa mbele nami. Tulipita Bugolobi. Karibu na kwetu akasema, "Niliahidi, nikateleza."

"Uliteleza."

"Ungenifanya nini, wangenichukua?"

"Ningekulaani kwanza," nikasema. "Halafu ningewaambia watoto baba yao aliulizwa swali mbele ya watu wote akajibu alichokiona."



Mama wa msichana alikuwa ametufungia gurusa, ile mikate myembamba ya Wanubi, na bakuli la mchuzi wa bamia na nyama kavu. Tulikula jioni ile sisi na watoto na shemeji, kwa chai isiyo na sukari, na msemaji wetu akala mikate mitano.