Mashahidi Wawili wa Kalekye

Kalekye alifika Garissa akiwa bibi harusi wa dereva wa lori, na hata mumewe alipofariki hakurudi kwao Mwingi. Alikuwa na cherehani yake mtaani Galbet, wateja hawakumpungukia, na joto la mji alikwisha kulizoea. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Jumapili moja mchungaji aliuliza, "Je, jirani zako wanajua kwamba wewe ni Mkristo?" Swali hilo likamchoma kama sindano iliyovunjikia kidoleni.

Akaingia kazini. Akajivika msalaba wa mbao mkubwa kama mwiko. Akaandika "Yesu ni Bwana" mlangoni kwa rangi nyekundu. Aliyemsalimia "Salaam aleikum" alijibiwa "Bwana asifiwe!" kwa sauti ya kumshtua mbuzi. Alfajiri alisimama uani akaimba, na kila alipofika kwenye kiitikio, punda wa mzee Ogle, muuza maji, alilia kumshinda. Hapo wimbo ulikatika, kandambili ikaruka juu ya ua kumfuata punda, na maneno yaliyofuata hayakuwa ya kitabu cha nyimbo.

Baada ya muda akataka kujua kazi yake imezaa nini. Akamwendea Fatumo, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Mama Ruweyda, ninyi hapa mnanijua mimi ni mtu wa dini gani?"

Fatumo, Msomali ambaye kila p kinywani mwake iligeuka b, alifikiri kwanza. "Tunajua, walaal, dada yangu. Wewe ni ile dini ya kubigana na bunda."

Siku hiyo Kalekye alilala bila kula.

Ikafika Jumapili ya askofu. Kalekye ndiye aliyechaguliwa kutoa ushuhuda mbele ya mgeni. Alivaa gauni jeupe la akina mama wa kanisa, limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe, akatoka akijikariria maneno yake. Nyuma ya nyumba ya Fatumo akakuta watu wamejaa. Shimo jipya la choo, ambalo hata halijatumika, lilikuwa limeporomoka ukingo. Punda wa mzee Ogle alikuwa ndani, na maji yote ya mkokoteni yalikuwa yamemwagikia humo na kugeuka tope. Wanaume walikwisha kuchimba mteremko upande mmoja, lakini punda aligoma kupanda, na kila aliyemkaribia aling'atwa.

Mzee Ogle alikaa chini, kichwa mikononi. "Bila yeye, nyumba yangu hakuna chakula," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Kalekye akaondoka, maana ibada ilikuwa inaanza. Akarudi. Akaondoka tena. Kisha akamkabidhi Fatumo viatu vyake, akateremka shimoni.

Punda alipomwona, masikio yakamsimama. Mrusha kandambili yule alimjua.

"Toka, mwanaharamu wewe!" Kalekye alinguruma, akaweka bega makalioni pa punda na kusukuma. Punda akapanda kidogo, akateleza, akamkalia. Kalekye akajinasua, akapiga ukelele mwingine, na punda akatoka mbio kana kwamba anafukuzwa na simba, akimrushia tope kwa kwato zote nne.

Getini pa kanisa palikuwa na askari mgeni.

"Mama, hapa ni ibada, si machimbo ya mchanga."

"Mimi ni mshirika wa hapa! Mimi ni Mkristo!"

"Inaonekana wapi?"

Kalekye akapapasa shingoni. Msalaba ulikuwa umebaki shimoni. Akajitazama gauni: tope tupu. Machozi yalikuwa karibu kumtoka, ndipo Fatumo akafika akihema, viatu mkononi, na mzee Ogle nyuma yake.

"Askari, wacha yeye abite. Wallahi, huyu ni Mkristo!"

"Na wewe Mwislamu umejuaje?"

"Mimi jirani yake! Ameingia shimo ya choo na nguo ya kanisa, kwa sababu ya bunda ya mtu."

"Na hiyo bunda," akaongeza mzee Ogle kwa kiapo, "yeye anachukia sana."

Askari akacheka hadi bunduki ikamcheza begani, akafungua geti.

Kalekye alifika wakati wa baraka ya mwisho. Ushuhuda ulikwisha kutolewa na mtu mwingine, tena mrefu. Alikaa benchi la nyuma, watu wakasogea mbali naye. Alingoja uchungu umshike. Badala yake kicheko kikamshika, akalazimika kuuma mkono wa gauni, na ladha yake akaijutia.

Fatumo alilichukua gauni lile kwa nguvu, akalifua na bintiye, wakatia bluu ya kufulia nyingi mno. Jumapili iliyofuata, kati ya akina mama wote weupe, mmoja alikuwa na rangi ya mbingu.

"Nani amekuharibia gauni?" mwenyekiti wa akina mama alimnong'oneza.

"Halijaharibika," Kalekye akasema, akaendelea kuimba.